Sufuria Iive Kwanza, Ndipo Sindano

Kwako Wabiwa, mtoto uliyenishikisha mwiko,

Umelala nyuma ya pazia na mimi nimekalia kiti chako. Ningeweza kungoja asubuhi nikwambie haya kwa mdomo, lakini unanijua. Asubuhi nitakuuliza kama umechukua sweta, kama mkoba umefungwa vizuri, na gari litaondoka nikiwa bado kwenye sweta. Kuhusu sabuni, sala, wavulana na watu wa kuazima vitu bila kurudisha, sitaandika neno. Mama yako amekwisha kukueleza yote kwa simu, na kila kitu alikisema mara mbili kwa sababu mtandao wa kwetu Shabunda ulikuwa unakatika.

Mimi nataka kuandika juu ya chakula. Ucheke ukitaka. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, na maneno yangu yanakwenda yanakotaka. Pale nilipokosea pita, endelea mbele.

Kwetu nilikuwa mwanaume wa kungoja. Nilirudi kutoka shambani, nikakaa, nikasikia harufu, nikanawa mikono. Kilichopita kati ya harufu na mikono sikukijua, na hakuna aliyenitaka nikijue. Mwanaume akionekana karibu na mafiga, watu walimuuliza kama mke amemfukuza. Baba yako mdogo alikutwa siku moja anageuza muhogo motoni wakati mke wake ana homa, na mpaka leo kijiji kizima kinamwita Mama Muhogo. Na mimi nilikuwa kati ya waliolianzisha jina hilo.

Halafu wewe ukaanza kunywa maji kama mchanga. Ulikonda mpaka sketi ikawa inakuzunguka. Kwenye zahanati walisema ni ugonjwa wa sukari, dawa yake ni sindano za kila siku, inataka kuwekwa mahali pa baridi, na huko kwetu msituni haifiki kwa uhakika. Ndiyo sababu tuko Bukavu sisi wawili, na mama yako amebaki na wadogo zako na mashamba. Tulisema ni mpaka upate nguvu, kisha turudi. Hakuna aliyetueleza kwamba ugonjwa huu hauna siku ya kumalizika. Au alieleza, na mimi sikuelewa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, mwanangu.

Siku ile ya kwanza hospitalini muuguzi alituketisha, akatueleza kwa upole. Alichanganya Kiswahili na Kifaransa, na nyuma yetu kulikuwa na mstari mrefu wa watu. Alieleza sindano, akaeleza chakula, akaeleza sukari ikipanda, akaeleza sukari ikishuka. Mimi nilitikisa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umeelewa, papa?"

"Nimeelewa kabisa."

Nilikuwa nimeshika maneno mawili tu, sindano na sukari. Sindano ni rafiki, sukari ni adui. Nikarudi nyumbani nikaondoa sukari yote, hata ya chai yangu mwenyewe, nikajiona baba mwenye akili.

Siku ya mvua unaikumbuka, lakini unaikumbuka kutoka ndani. Mimi niliiona kutoka nje, na sijawahi kukueleza yote.

Nilichelewa kazini. Malori ya simenti yalikuja jioni, na malori yakija hakuna anayeondoka kabla hayajawa matupu. Nilipanda mlima wa Kadutu kuja nyumbani nikikimbia, kwa sababu saa ya sindano ilikuwa inapita na nilitaka kufanya kama nilivyoagizwa. Nikakuchoma sindano mara tu nilipoingia, hata mikono sikuifuta simenti vizuri. Nikakuambia, ngoja kidogo, sasa hivi unakula. Nikatoka nje kuwasha mbabula, lile jiko letu la makaa.

Gunia la makala nilikuwa nimeliacha chini ya bati, pale maji yanapodondokea. Makala yalikuwa yamelowa mpaka chini. Nilipuliza. Nikachoma mifuko ya plastiki chini yake, nikachoma kiatu changu cha zamani, nikapata moshi tu. Ndani kulikuwa na maharagi mabichi, unga, na fungu la mboga za lengalenga ambalo halijachambuliwa. Nyumba ilikuwa na chakula na haikuwa na kitu cha kula.

Uliniita kutoka ndani. Ukasema, "Tonton," kana kwamba mimi ni mjomba wako. Nikafikiri unatania. Ukacheka peke yako, kicheko kisicho chako. Nilipoingia nikakukuta umelowa jasho kama aliyetoka kwenye mvua ile, na mikono inacheza juu ya magoti. Sikujua la kufanya. Nikarudi nje kupuliza makala. Ndiyo, mwanangu. Nilirudi kupuliza, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichokijua.

Mama Furaha, jirani yetu, alikuja kwa sababu ya moshi. Yule mama, kama unavyomjua, hakai na neno rohoni.

"Papa Wabiwa, unatuua na moshi! Ju ya nini hauombe moto kwa jirani?"

Halafu akaangalia ndani, akakuona.

"Ee! Mutoto anatetemeka vile, na weye uko unapuliza makala?"

Alikimbia kwake, akarudi na kikombe cha maji ya sukari. Nikampiga mkono. Kikombe kikaanguka.

"Mutoto iko na ugonjwa ya sukari! Unataka kumuua?"

"Ni weye njo unamuua! Toka pa mulango!"

Akaenda tena. Mara ya pili alikuja ametanguliza kiwiko, na kiwiko kile ni cha mwanamke anayebeba mabeseni ya sambaza, dagaa wa ziwani, tangu usichana wake. Kilinibandika ukutani. Ulikuwa bado unaweza kumeza. Akakunywesha kidogo kidogo, huku akikuita jina lako, mpaka ukafungua macho vizuri ukauliza kwa nini blauzi yako imelowa. Mimi nilikaa juu ya gunia la makala. Ndipo akanieleza. Kaka yake alikuwa na ugonjwa huo huo.

"Sindano inashushaka sukari, chakula inaipandisha. Weye umeshusha, haukupandisha. Sasa ulitaka mutoto afanye nini?"

Ni yale yale aliyosema muuguzi. Kitu kilekile kabisa. Ningesema tu siku ile, "Samahani, sijaelewa, nirudilie." Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu, viatu vyangu vilikuwa vyeupe kwa simenti, na niliona aibu kuonekana mtu wa porini. Wabiwa, ilibaki kidogo sana aibu ile ikuzike.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kupika, na nilijifunza kwa woga kama mtu anayejifunza kuogelea akiwa tayari ameanguka majini. Sheria ilikuwa moja: sufuria iive kwanza, ndipo sindano. Lakini kazi yangu unaijua. Natoka giza, narudi giza, mgongo umekwisha, na maharagi yanataka nusu ya siku. Nilimuuliza Byamungu, yule tunayebeba naye, kwa sababu anaishi peke yake na kila mchana ana chakula kwenye kopo lake.

"Rafiki, maharagi unapikaka saa ngapi na hii kazi yetu?"

"Mimi? Naiachaka ijipike yenyewe."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Ilale mu maji usiku. Asubuhi ichemke sana, ichemke kwa nguvu. Kisha funika, ufunge sufuria mu blanketi sawa mutoto wa juzi, uende zako. Ukirudi utaikuta inakungojea."

Sikumwamini. Siku ya kwanza kabla ya kutoka nilifungua blanketi kuangalia, nikafunga, nikafungua tena, na kila nikifungua joto lilitoka. Jioni tulikula mawe, unakumbuka, ukasema yanafaa kujengea nyumba. Mara ya pili nikazungushia kwanza karatasi za ndani za mifuko ya simenti, zile safi, kisha blanketi, nikaweka mto juu, nikaenda bila kugeuka nyuma. Jioni maharagi yalikuwa yamelainika. Niliyarudisha motoni mpaka yakachemka tena, nikatia kitunguu na mafuta ya mawese, na ukala sahani mbili. Nilitoka nje kidogo. Nilikuambia naenda kukojoa.

Mama yako alipiga simu wiki ile. Nilimwambia, kwa majivuno kidogo, kwamba nimepika.

"Weye? Umepika nini?"

"Maharagi. Na sambaza."

"Asiye! Na nani amekula?"

"Mutoto."

"Na iko muzima?"

Alicheka mpaka nikawasikia wadogo zako wakicheka nyuma yake bila kujua wanacheka nini. Halafu kicheko kikazimika. Nikafikiri mtandao umekatika. Kumbe alikuwa analia, akasema, "Papa Wabiwa, mimi njo nilipaswa kuwa pale." Mimi niko hapa na wewe, yeye yuko kule bila wewe, na kuanzia kesho nami nitakuwa kama yeye.

Naona nimeanza kusema kama mtu anayejihurumia. Tuache. Turudi kwenye sambaza.

Kama kuna kitu Mungu alichowatengenezea watu wasio na muda, ni sambaza. Nyanya na kitunguu vikishalainika, sambaza hawaombi zaidi ya muda wa kunawa mikono na kuita watu. Na huko Katana unakokwenda kusoma utakuwa kando ya ziwa lile lile la hapa, utawapata. Lengalenga nazo ni za haraka, ila kuchambua ndiko kunakokula muda, kwa hiyo chambua wakati unasoma, kama ulivyokuwa ukifanya hapa, daftari kwenye goti hili na majani kwenye goti lile. Yai, sihitaji kukueleza. Avoka na maharagi ya asubuhi yaliyochemshwa tena ni chakula kamili, asikudanganye mtu kwamba bila bugali hujala. Na daima, kila siku, nyumba iwe na kitu kilichoiva kisichongoja moto. Kiazi kitamu baridi. Ndizi. Kitu cha kuinua tu na kutia mdomoni. Unavijua vyote hivi. Naandika kwa sababu mkono wangu hautafika huko, na nimezoea kufanya jambo kwa mkono.

Sasa nije kwenye lile tuliloligombania juzi.

Ulisema, "Papa, kule hakuna mutu ananijua. Nataka nikuwe Wabiwa tu. Isikuwe ule wa sindano."

"Na sindano utajichomea wapi?"

"Mu choo."

"Na chakula?"

"Nitakula na benzangu."

"Kama benzako banachelewa?"

"Papa, siko mutoto."

Nikapiga meza. Nilikosa, kwa sababu meza haikuwa na kosa na wewe pia hukuwa na kosa. Najua ulikotoa maneno hayo. Nilikuwapo siku wasichana wa shule walipokataa kunywa kwenye kikombe chako. Nilikuja kukuchukua, nikasimama langoni, nikamsikia mmoja akisema sukari inaambukiza. Nilitaka kuingia niwafokee, lakini nilikuwa na nguo za kazi, nikaona nitakuongezea aibu, nikangoja nje. Ulipotoka ulitabasamu, ukaniambia siku ilikuwa nzuri. Nami nikajibu vizuri, twende. Tulipanda mlima mzima tukidanganyana.

Kwa hiyo siwezi kusema hakuna sababu. Sababu ipo. Unakwenda mahali papya, shule ya uuguzi, na unataka mwanzo msafi. Hata mimi nilipofika Bukavu sikumwambia mtu kazini kwamba nilikuwa na mashamba na ng'ombe wawili, nilitaka waanze kuniona hivi nilivyo. Lakini jambo la kuficha ng'ombe halinisumbui usingizi.

Leo Neema, mtakayesoma naye, alipokuja hapa kupanga nawe habari za makala na vyombo, mimi nilifurahi kwanza. Msichana wa Walungu, mcheshi, mwenye heshima, ameniita papa tangu mlangoni. Mtakaa chumba kimoja, mtakula sufuria moja, mtapika kwa zamu, leo yeye, kesho wewe. Nikasema moyoni, vizuri, hayuko peke yake. Halafu ulipokwenda kuchota maji, nikamuuliza anapenda kupika nini.

"Mimi, papa? Sombe! Majani ya muhogo, ile ya kupika kuanzia mchana mpaka batu banasahau kama iko motoni!"

"Na kama njaa inakukamata mbele sombe iive?"

"Papa, njaa ya banafunzi inajuaka kungoja!"

Akacheka vizuri sana. Mimi nilicheka pia. Nilikuona kule: siku ya zamu yake, umetoka darasani, umejichoma chooni kwa sababu saa imefika, na sombe inachemka, na watu wanapiga hadithi, na wewe unaona aibu kusema mimi siwezi kungoja. Unatabasamu. Jasho linaanza. Unaanza kusema maneno yasiyo na mpango, na wenzako wanacheka, wanafikiri unatania, kama mimi nilivyofikiri. Na hakuna kiwiko cha Mama Furaha.

Ulikuwa bado bombani. Neema alikuwa amekaa mbele yangu, ananiangalia, anangoja niseme kitu. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Ningesema tu, "Binti yangu, Wabiwa ana ugonjwa wa sukari, akitetemeka umpe kitu kitamu mara moja." Lingekwisha. Ningelala vizuri leo.

Nikamuuliza kama barabara ya Katana ina matope.

Sijui kama nimefanya vyema. Nimekaa na swali hilo tangu mchana. Nikisema mimi, nakufanya tena mtoto wa sindano kabla hujafika, na wewe hutaniamini tena. Nisiposema, nakuacha uende na kitu kinachoweza kukuangusha katikati ya watu wasiojua. Nabeba mifuko ya simenti tangu asubuhi hadi jioni na kila mfuko najua niuinue vipi. Huu sijui niushike wapi.

Hata kukufuata siwezi. Kazi yangu iko hapa, dawa yako inatoka kwenye mgongo huu, na wewe umekuwa mtu mzima wa kukataa. Nguvu ya kukulazimisha ninayo bado usiku huu tu, na siitaki.

Nakuomba basi. Si baba anayeagiza, ni mtu mzima anayemwomba mwenzake. Mwambie Neema. Mmoja tu, si shule nzima. Huna haja ya kueleza sana, yeye pia anakwenda kusomea uuguzi, ataelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Mwambie njiani, kabla hamjawasha moto wa kwanza, wakati mnaangalia ziwa na hamna haja ya kutazamana usoni. Mambo magumu husemeka vizuri zaidi watu wakiwa wamekaa bega kwa bega. Na siku ya zamu yake ukiona sombe inacheza, sema kwa sauti, "Mimi nakula sasa." Kula kiazi chako mbele yao. Wakicheka, cheka nao huku unatafuna.

Labda atakuchekesha, labda atakuuliza kama inaambukiza. Sijui. Ningependa kukuahidi kwamba atakuwa mwema, lakini nimemwona mara moja tu, na sikutaka kumjua kwa kumjaribu na jambo lako.

Asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye gari, kisha nitateremka mbio kazini. Usishangae nisiposema kitu juu ya haya. Barua hii utaikuta njiani, ukifungua sufuria ya viazi vyako vya safari, nimeifunga kwenye plastiki.

Kesho jioni utapiga simu, na najua utaanza kwa kunieleza mmepika nini, kwa sababu unajua hilo ndilo nitakalouliza. Kesho usianzie hapo. Anza kwa kunieleza Neema alisema nini ulipomwambia.

Na kama hukumwambia, piga vilevile.

Papa yako